Rufaa ya Mguu wa Kushoto

Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa nne kasorobo asubuhi, na ilikuwa imesema hivyo tangu siku ile Koplo Chipande alipoingia kwenye ukumbi wa Baraza la Rufaa kwa mara ya kwanza, miaka kumi na mmoja iliyopita, au jana. Hapo ndipo kichwa chake kilipokuwa kinamchezea. Nyinyi mnaopenda hadithi zilizonyooka mtaniwia radhi, hii sina jinsi ya kuinyoosha. Ukumbi wenyewe haukunyooka. Unaingia mlango wa mbele unakuta benchi la mbao limejaa askari wastaafu na wake zao. Unaamua kutoka, unapita mlango wa nyuma, lahaula, unakuta benchi lile lile na watu wale wale, ila wamezeeka kidogo. Mwisho mtu anachoka, anakaa.

Shauri la Chipande lilikuwa dogo, la kumaliza kabla chai haijapoa. Alitaka vitu viwili tu. Cha kwanza, mguu wa bandia, kwa sababu huu aliokuwa nao alichongewa na fundi vitanda, na fundi vitanda hajui kuchonga kitu kingine, kwa hiyo ukawa tendegu lenye mikanda. Mchwa walishaula chini, misumari ilishaanza kuchungulia, na kigutu chake kilikuwa kinatoa damu kila akitembea zaidi ya hatua mia. Cha pili, alitaka aandikwe kuwa yu hai.

Uamuzi wa kwanza ulikuja na muhuri wa zambarau. Ulisema: mwombaji alifariki vitani na kuzikwa kwa heshima, marehemu hapewi mguu. Chipande akakata rufaa tena. Alikwenda yeye mwenyewe, akasimama mbele ya wazee watatu, akakohoa ili wamsikie anavyopumua. Uamuzi wa pili ukaja: Baraza limejiridhisha kwa macho yake kwamba mwombaji yu hai, na kwa kuwa askari aliyekatwa mguu vitani amezikwa, basi huyu aliye hai si yeye, na hakukatwa mguu. Chipande aliusoma mara saba. Kila akifika mwisho alikuwa anaukubali, halafu akitazama chini anaona tendegu, anaanza kuusoma upya.

Mimi si mwanasheria, lakini nitawaambia kosa lilipoanzia, na mtaona kwamba ni kosa la watu wema.

Kombania ya Tatu, ya akina Chipande, ilikuwa na mambo yake. Kule vitani, ng'ambo ya mto, mtu wa kwanza kukatwa kiungo alikuwa mpishi, akakatwa mkono ule wa kukorogea uji. Tabibu alitaka kuutupa kichakani. Mkuu wa kombania akakataa katakata. Akasema nyama iliyokula chakula cha serikali na ikavaa sare ya serikali ni askari, haitupwi kama maganda ya muhogo. Basi mkono ule ukaoshwa, ukafungwa bendeji safi, ukabebwa na watu wanne wakati mmoja angetosha, ukazikwa, ukapigiwa saluti, na juu yake kikachomekwa kibao chenye namba ya mwenye mkono. Tangu hapo ikawa desturi. Waliokatwa walikuwa wakitaniana kambini, "Bwana wee, jana umezikwa vizuri, mimi nilihudhuria." Kilikuwa kicheko cha kuziba machozi, lakini kilikuwa kicheko.

Vita vilipokwisha akaja karani na daftari. Akahesabu vibao, akanakili namba, akaandika: waliofariki. Hakuna aliyemwambia kitu. Watamwambia nini, wakati kombania ilishatawanyika? Wengi wa hao walioandikwa wamekufa walikufa kweli baadaye, mmoja mmoja, majumbani kwao, jambo lililolisaidia sana daftari kuonekana sahihi. Akabaki Chipande peke yake kulikosoa.

Asubuhi ile ya rufaa ya tatu, au asubuhi ile ile ya zote, aliketi karibu naye mwanamke mnene kiasi, kajitanda kanga iliyopauka, mapajani kaweka bahasha iliyofungwa kwa uzi. Huyu ni Bi Semeni, mke wa Mtavangu. Mtavangu alikuwa namba 4416, Chipande 4417, kila gwaride walisimama bega kwa bega, na kila jina likiitwa Mtavangu alijibu "Nipo!" na Chipande akafuatia "Nipo!" kiasi kwamba mpaka leo Chipande akiitwa ghafla njiani huwa anasubiri kwanza mtu mwingine aitikie. Mtavangu hakurudi. Hakuwa na kibao popote, na asiye na kibao na asiyerudi nyumbani aliandikwa mtoro. Bi Semeni naye alikuwa amekata rufaa zake, na jibu lilikuwa fupi: mtoro haachi mjane.

"Shemeji, umeamkaje?" Bi Semeni alimuuliza.

"Nimeamka, shemeji. Kwa maandishi sijaamka, lakini nimeamka."

Bi Semeni akacheka kidogo, kisha akauliza lile swali lake. Alimuuliza kila walipokutana, na kila mara kwa sauti ile ile ya mtu anayeulizia chumvi. "Hujakumbuka kitu kingine?"

Chipande akatikisa kichwa. Aliona aibu, maana alichokumbuka kilikuwa kichache na alishampa chote. Hema la wagonjwa. Vitanda viwili. Mtavangu kitanda cha pili, kajeruhiwa tumboni, anaongea kwa shida, anasema, "Namba yako iandike mwenyewe, hawa wana mwandiko mbaya." Chipande anaandikia rangi kwenye kibao, saba yake anaipitisha kikonyo, kimstari kifupi, katikati kama alivyofundishwa shuleni. Nusu kaputi. Sauti ya mizinga. Halafu anaamka ndani ya lori, kambi imehamishwa, mguu haupo, na Mtavangu hayupo.

*

Hivi mtu ni kipi? Chipande alikuwa akijiuliza hivyo akiwa amekaa pale, na mimi nimejiuliza naye mpaka nimechoka. Ni kile kilichobaki au kile kilichoondoka? Ukikata kucha, wewe ni yule unayezifagia, hilo halina mjadala. Ukikatwa kidole, bado ni wewe. Mguu, ni wewe. Sasa wakaendelea kukata, kipande kwa kipande, kila kipande wakakizika kwa saluti na kibao, ni lini hasa utageuka ukawa yule aliye kule? Na nani atakwambia? Kwa sababu kule kuna bendera. Kule kuna maua siku ya mashujaa. Huku kuna tendegu. Nchi nzima inasimama dakika moja kimya kwa ajili ya mguu wako, na wewe umesimama nyuma ya kamba, kwenye jua, askari wa zamu anakwambia mzee sogea. Unasogea. Unasogea kwa nini? Unasogea kwa sababu na wewe unamheshimu marehemu.

Nipo. Nilikuwepo. Nipo nusu. Niliyezikwa nipo vizuri zaidi. Niulizeni mimi. Msiniulize mimi, muulizeni yule. Ndivyo maneno yalivyokuwa yanamzunguka kichwani, na hakuyapanga.

"Chipande!" karani akaita.

Alisubiri kidogo. Hakuna aliyeitikia kabla yake. "Nipo," akasema, akasimama.

*

Karani huyu wa Baraza aliitwa Tuntufye, mama mmoja mtaratibu mwenye daftari kubwa, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa hazeeki wala harudi nyuma. Mwenyekiti alikuwa kinyume. Rufaa ya kwanza alikuwa mzee wa mvi, rufaa ya pili mtu wa makamo, na safari hii alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, chunusi bado zinamsumbua, joho linamburura. Vita vilipiganwa kabla mama yake hajaolewa. Wajumbe wawili walikaa kulia na kushoto kwake, wakikubali kwa vichwa jambo lolote lililosemwa, hata mtu akipiga chafya.

"Wewe ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Koplo Chipande, mheshimiwa, namba 4417."

"Huyo amezikwa."

"Uliozikwa ni mguu wangu."

"Una ushahidi gani kwamba mguu ulikatwa vitani? Watu wanakatwa miguu na treni."

"Kaburi lipo, mheshimiwa. Kibao kina namba yangu."

"Kwa hiyo unakiri kwamba umezikwa."

"Sikiri! Nasema..."

"Mzee, taratibu. Kama kaburi si lako, huna ushahidi wa mguu. Kama kaburi ni lako, umekufa. Nisaidie nikusaidie. Tushike lipi?"

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Chipande alijua kuna jibu, alijua ni jepesi, hata mtoto angelisema, lakini kila alipolikaribia lilikuwa linahamia upande wa pili wa meza.

Tuntufye akafunga daftari. "Kwa idhini yako, mheshimiwa, si tufukue? Tukikuta mguu peke yake, mzee huyu yu hai. Tukikuta mtu mzima, tutajua tumepoteza muda wa nani."

Mwenyekiti akatazama saa ya ukutani, akaona muda bado upo, akakubali.

Sasa, makaburi yale yako ng'ambo ya mto, safari ya siku nne kwa miguu, na mtu mwenye tendegu angehitaji mwezi. Lakini Tuntufye alivuta pazia lililokuwa nyuma ya kiti cha mwenyekiti, akafungua mlango, na makaburi yakawa pale. Vibao mistari kwa mistari, majani yamekatwa vizuri, jua la saa nne kasorobo. Msiniulize yalifikaje. Chipande hakuuliza, alitoka tu akichechemea, Bi Semeni akamfuata akimshika kiwiko, na benchi lote likaja nyuma yao.

Kibao chake kilikuwapo. 4417, saba ina kikonyo. Aliipapasa ile saba kwa kidole. Ilikuwa ni mwandiko wa kijana, na kijana yule alikuwa hajui lolote.

Wachimbaji wawili walichimba. Haikuchukua muda. Tuntufye akapiga magoti ukingoni, kalamu mkononi, akaanza kuhesabu kwa sauti kama anavyohesabu majalada.

"Fuvu moja. Mikono miwili. Mbavu zipo. Miguu..." Akahesabu tena kwa kidole. "Miguu mitatu, mheshimiwa."

"Mingapi?"

"Mitatu. Wa kulia mmoja, ya kushoto miwili. Huu mmoja umekatwa juu ya goti, na una bendeji."

Watu wakaguna. Mjumbe wa kushoto akatikisa kichwa kukubali. Bi Semeni alikuwa ameinama, kanga imemteleza begani, anatazama fuvu, anatazama meno. Jino la mbele lilikuwa limekatika pembeni.

"Alilivunja kwa soda," akasema taratibu. "Siku ya harusi yetu. Kifungulio kilikosekana, akataka kuonyesha umahiri mbele ya kaka zangu. Mama yangu akasema mwanangu, unaolewa na mjinga." Akaketi chini pale pale kwenye udongo. "Mume wangu. Mume wangu jamani, muda wote huu ulikuwa hapa?"

Akalia. Hakulia kwa kelele, lakini alilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Chipande alikuwa amesimama kwa tendegu lake akizidi kuchanganyikiwa, na safari hii kilichomchanganya ni kwamba mambo yameeleweka. Mizinga inalia, kambi inahamishwa, wachimbaji wana shimo moja lililokwisha chimbwa kwa ajili ya mguu. Mtavangu amekata roho. Watafanya nini? Wanamlaza mtu hapo hapo na mguu wa rafiki yake ubavuni, wanachomeka kibao kilichopo, wanakimbilia lori. Kibao kimoja. Namba ya Chipande, kwa mwandiko wa Chipande. Miaka yote aliyokuwa anamwambia shemeji yake sijui alipo, kumbe alimfunika yeye mwenyewe kwa namba yake.

Mwenyekiti alisafisha koo. Alikuwa amerudi nyuma tena. Sasa alionekana kama mtu aliyemaliza masomo juzi. "Sheria inatambua kaburi moja, kibao kimoja, askari mmoja. Haitambui mchanganyiko. Kwa hiyo, mzee, nitakupa njia mbili. Ukitia saini kwamba vyote vilivyomo ni vyako, mifupa hii yote na mguu wa tatu, Baraza litatambua kwamba ulikufa kwa sehemu kubwa na ukabaki kwa sehemu ndogo, na hiyo sehemu ndogo itapewa mguu wa bandia na kuandikwa hai. Mguu mzuri, wa kiwandani, una goti linalokunjika. Mtoro Mtavangu atabaki mtoro. Au useme kaburi ni la huyo mwenzako. Hapo yeye atakuwa amefia vitani, mama huyu atakuwa mjane wake, na wewe hutakuwa na kaburi. Bila kaburi huna mguu uliokatwa. Bila mguu uliokatwa hatukujui."

"Na ule mguu wa mzee humo kaburini, si unaonekana?" Tuntufye akauliza.

"Unaonekana. Lakini hauna kibao."

Bi Semeni akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Shemeji," akasema, "njoo hapa." Chipande akainama. "Chukua mguu wako. Mimi nimeshamwona. Najua hakunikimbia. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi, si mengine. Utie saini twende nyumbani, hicho kigutu kinatoa damu mpaka kwenye kiatu changu."

Na kweli kilikuwa kinatoa.

Chipande aliwaza goti linalokunjika. Mtu angeweza kukaa kwenye kiti cha kawaida, kuchuchumaa shambani, kupanda ngazi bila kuhesabu. Alilitaka goti lile, sitawadanganya. Alilitaka mpaka mate yakamjaa. Aliwaza pia kuandikwa hai, mtu kufungua daftari na kumwona mle ndani anapumua. Kisha akawaza watoto wa Mtavangu, ambao alishawasikia wakiitwa kisimani watoto wa mtoro, wakiitika kwa jina hilo bila kukasirika, kwa sababu hawakujua lingine. Akatazama ile mifupa. Miguu miwili ya kushoto imelala sambamba, bega kwa bega, kama kwenye gwaride.

"Wewe unajua, shemeji," akamwambia Bi Semeni. "Wao hawajui."

Akaketi ukingoni mwa kaburi, akafungua mikanda, akalivua tendegu. Msumari mmoja ulikuwa umechomoza kutoka kwenye mbao iliyoliwa na mchwa. Akauvuta, ukatoka, na tendegu likaachana vipande viwili mikononi mwake. Hakulitazama. Akakivuta kibao mapajani akaanza kuikwangua ile saba kwa msumari. Rangi ilikuwa imeshika. Alikwangua kikonyo kwanza, kisha kichwa, vumbi jeupe likamwingia kwenye kucha. Tuntufye akampa kalamu yake ya wino bila kuombwa, na pale palipokuwa na saba Chipande akaandika sita, polepole, kwa mwandiko mzuri, maana aliambiwa wengine wana mwandiko mbaya.

"Uamuzi," mwenyekiti akasema, naye joho lilikuwa limemfunika hata vidole. "Rufaa ya Mtavangu imekubaliwa. Alifia vitani. Rufaa ya Chipande imetupwa, mwombaji hajulikani. Karani, ita majina tufunge kikao."

Wachimbaji walirudisha udongo juu ya mtu mwenye miguu mitatu. Watu walisimama mistari bila kuamriwa, kila mmoja nyuma ya kibao fulani. Chipande hakuweza kusimama, kwa hiyo Bi Semeni alimwinua, akamwekea bega lake chini ya kwapa, wakasimama pamoja. Tuntufye akafungua daftari.

"Mtavangu!"

Bi Semeni akanyoosha shingo. "Yupo!"

Tuntufye akaandika.

"Chipande!"

Maisha yake yote alikuwa amezoea kuisubiri sauti ya kwanza, na sasa ilikuwa imeshatoka. Akavuta pumzi. "Nipo," akasema. Sauti yake ilitoka nzima, hata yeye alishangaa.

Tuntufye aliinua uso akatazama mistari yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akapita pale walipokuwa wamesimama bila macho yake kutua. Alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akawatazama wajumbe, wajumbe wakatikisa vichwa. Kalamu ikashuka kwenye karatasi.

"Chipande hayupo," akasoma anachoandika.

"Mimi nimemsikia," Bi Semeni akasema.